Chumvi si magadi: wiki moja ya kuchunguza shamba lililogoma kunywa maji

Mpishi yeyote wa githeri Nairobi anajua magadi hufanya nini ndani ya sufuria. Ukitia kipande kidogo, mahindi na maharagwe makavu yanaiva mapema; mkono ukizidi, chakula kinavurugika na kuteleza. Punje ngumu imeshikanishwa na kalsiamu kwenye kuta za chembe zake. Magadi yakiingia, sodiamu inakalia nafasi ya kalsiamu na mshikamano unalegea. Udongo wa mfinyanzi nao umeshikanishwa na kalsiamu kwa namna inayokaribia hiyo. Ukiumwagilia maji ya magadi msimu baada ya msimu, unaupika.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa takwimu zinazooana, ili hatua za kazi na hesabu zake zionekane mwanzo hadi mwisho. Shamba ni nusu ekari katika nyanda kame za Kajiado, upande unaoteremka kuelekea Magadi. Lina nyanya na sukuma wiki, na linamwagiliwa kwa matone kutoka kisima kirefu chenye pampu ya sola. Sampuli zinapelekwa kwenye taasisi ya mazingira ya jangwa na nyanda kame iliyoko Nairobi, na kikundi kinachomiliki shamba kinataka jibu kabla ya wikendi kwa sababu mvua iko karibu.

Malalamiko yao ni haya. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili wa kuvumilika. Msimu wa tatu mbegu hazikuota kwenye nusu ya shamba, na maji yaliyomwagwa saa nne asubuhi yalikuwa bado yametuama juu saa kumi jioni. Udongo ukikauka unafanya gamba gumu lenye weusi weusi. Walishapimiwa maji kwa kifaa cha mkononi cha upitishaji umeme (EC), kikasoma 1.5 dS/m (desisimensi kwa mita), wakaambiwa ni chumvi ya wastani na dawa yake ni kuongeza maji ili chumvi isukumwe chini. Waliongeza. Mvua iliyofuata ndiyo iliyomaliza shamba.

Ushauri ule haukutolewa kiholela. Kanuni ya kuosha chumvi inataka ugawanye EC ya maji kwa mara tano ya kiwango ambacho zao linavumilia, ukiwa umeondoa EC ya maji. Nyanya huvumilia 2.5 bila kupunguza mavuno, kwa hiyo 1.5 ÷ (5 × 2.5 − 1.5) inatoa 0.136. Maana yake, karibu asilimia 14 ya maji yanayomwagwa yapite chini ya mizizi. Lita 10,000 kwa siku zinakuwa 11,600 hivi. Ndivyo inavyofanyika kwenye majangwa yenye udongo mwepesi na chumvi inayoyeyuka. Katika bonde la Arava, kusini mwa Israel, mitende humwagiliwa kwa maji ya chumvi, na maji ya ziada huisukuma chumvi chini ya mizizi. Tatizo ni kwamba EC inahesabu wingi wa chumvi bila kutaja ni chumvi gani.

Jumatatu kazi inaanzia kwenye maji, hata kama mwenye shamba amekuja na mifuko kumi ya udongo. Maji hayangoji. Yakikaa, hewa ya kaboni inatoka, pH inapanda, na ile kalsiamu kidogo iliyomo inaganda kwenye ukuta wa chupa kama utando wa birika. Ndiyo maana zinatakiwa chupa mbili za plastiki. Ya kwanza inajazwa hadi mdomoni bila kuacha hewa na kuwekwa kwenye barafu, kwa ajili ya pH, EC, bikaboneti na floridi. Ya pili inatiwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, ili kalsiamu na magnesiamu zisigande. Kabla ya kujaza, pampu iende mpaka EC na joto vitulie. Maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya kisima. Chupa zikipakiwa kwenye matatu ya Kiserian bila barafu, zikafika Nairobi zimepata joto la mchana mzima, ni heri kuomba nyingine.

Bikaboneti inapimwa siku hiyo hiyo. Chukua mililita 50 za maji na asidi ya salfuriki ya 0.02 N kwenye bureti, uishushe hadi pH 8.3 kwa kaboneti, kisha hadi 4.5 kwa jumla yote. Kila mililita ya asidi ni 0.4 meq/L (milliekwivalenti kwa lita, yaani hesabu ya chaji za madini yaliyoyeyuka). Hapa zilitumika 27.5, yaani 11.0 meq/L. Kalsiamu na magnesiamu zikiwa chache hivi, titresheni ya EDTA, kemikali inayoyashika madini hayo mawili, ifanywe kwa mililita 100 za sampuli, la sivyo kosa la tone moja linageuza jibu. Sodiamu husomwa kwenye fotometa ya mwali baada ya kuzimua mara kumi. Ukiipitisha bila kuzimua, mstari wa viwango unapinda na mashine inatoa namba ndogo kuliko ukweli, na hiyo namba ndogo inampendeza kila mtu.

Matokeo kwa meq/L: sodiamu 14.0, kalsiamu 0.6, magnesiamu 0.4, potasiamu 0.3, jumla 15.3. Upande wa pili, bikaboneti na kaboneti 11.0, kloridi 3.0, salfeti 1.0, floridi 0.16 (miligramu 3 kwa lita), jumla 15.16. Pande mbili zinatofautiana kwa chini ya asilimia moja, na jumla ikigawanywa kwa kumi inakaribia EC iliyopimwa. Pasipo mizani hiyo, hakuna sababu ya kuendelea na hesabu nyingine yoyote.

Sasa maji yanaanza kusema. Uwiano wa sodiamu, unaoandikwa SAR, ni sodiamu kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha nusu ya jumla ya kalsiamu na magnesiamu: 14 ÷ √0.5, yaani 19.8. Kwenye jedwali la FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) linalotumika sana, SAR chini ya 20 pamoja na EC ya 1.5 bado inaangukia "tahadhari ya wastani". Ni afadhali namba hiyo isiaminiwe. Maji haya yakifika kwenye udongo, bikaboneti inaigandisha kalsiamu. Ikishuka kutoka 0.6 hadi 0.2 tu, SAR inakuwa 25.6, na kwa EC ile ile jedwali lile lile linasema hatari kubwa. Kipimo kinachoonyesha jambo hili mapema ni masalio ya kaboneti: bikaboneti na kaboneti ukiondoa kalsiamu na magnesiamu. Hapa ni 11.0 − 1.0 = 10. Kikizidi 2.5, maji huhesabiwa kuwa hayafai kumwagilia.

Kwa maneno ya jikoni, kisima kinatoa maji ya magadi. Msimu wa siku 100 kwa lita 10,000 kwa siku unaleta kilo 322 za sodiamu kwenye nusu ekari. Kuongeza maji kulikuwa kuongeza magadi.

Floridi nayo ilistahili simu siku hiyo hiyo, bila kungoja ripoti. Kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na haya yana mara mbili yake. Meno ya watoto hayaponi kwa ripoti ya Ijumaa. Kwa mifugo mwongozo unaotumika ni miligramu 2, kwa hiyo ng'ombe pia wasitegemee kisima hicho peke yake mwaka mzima. Na kuchemsha hakuondoi floridi. Hilo lisemwe wazi kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu hufanya.

Udongo ulikuja kwenye mifuko iliyotengwa vizuri: sehemu iliyokufa na sehemu inayozaa, kina cha sentimita 0–15, 15–30 na 30–60. Kuchanganya sehemu mbaya na nzuri kunatoa wastani wa shamba ambalo halipo. Lebo ziandikwe kwa penseli kwenye kadi na kuwekwa kati ya mifuko miwili. Wino huyeyuka kwa unyevu. Kukausha ni kwa nyuzi 40, si 105. Wakati wa baridi ya Julai Nairobi, sinia zilizowekwa dirishani zinaweza kukaa siku tano bila kukauka, kwa hiyo oveni ni lazima, na stima ikikatika usiku ratiba ya wiki nzima inasogea.

Kabla ya kutwanga na kuchekecha kwa milimita 2, weka kando vibonge kumi hivi vya kila sampuli, ukubwa wa punje ya hindi. Kosa la kawaida Jumanne ni kutwanga vyote. Jumatano unavitaka vibonge hivyo kwa kipimo kilicho rahisi kuliko vyote na chenye jibu la wazi kuliko mengi. Mimina maji yaliyokenekwa kwenye kisahani, weka kibonge taratibu, usikitikise, angalia baada ya dakika 10 na tena baada ya saa 2. Kibonge kikivunjika vipande huku maji yakibaki maangavu, huko ni kumomonyoka tu na si kosa la sodiamu. Wingu la maziwa likienea pembeni mwa kibonge, chembe za mfinyanzi zimeachana. Vibonge vya sehemu iliyokufa vilitoa wingu ndani ya dakika 10. Vya sehemu nzuri havikutoa.

Mkulima anaweza kufanya hili nyumbani kwa glasi na maji ya mvua. Asitumie maji ya kisima kile kile, kwa sababu chumvi yake inazuia wingu lisitokee na udongo mgonjwa unaonekana mzima. Maabara za Nairobi ziko kwenye hatari hiyo hiyo mifereji inapokauka na jengo kuhamia kisima chake: maji mengi ya chini ya ardhi hapa mjini nayo ni ya sodiamu na bikaboneti. EC ya maji yaliyokenekwa ipimwe kila asubuhi, ikivuka 0.01 dS/m, kazi isimame.

Jambo hilo hilo linaeleza kwa nini shamba lilikufa wakati wa mvua. Kiangazi, maji ya kisima yalileta sodiamu, lakini yalileta pia chumvi ya kutosha kuzibana chembe zisitawanyike. Mvua ilipokuja haikuwa na chumvi. Iliosha ile inayoyeyuka, ikaacha sodiamu iliyonata kwenye mfinyanzi, na chembe zikaachana, zikaziba matundu, zikafanya gamba. Wenye shamba walidhani mvua ingewasaidia, na kwa shamba la chumvi ya kawaida wangekuwa sahihi.

Rojo la udongo, yaani udongo uliokorogwa na maji hadi ushibe ili maji yake yachujwe na kupimwa, ni kazi ya mkono na jicho. Gramu 300 za udongo uliochekechwa, maji kidogo kidogo, koroga mpaka uso ung'ae, rojo liteleze kidogo ukiinamisha kikombe, na lisibaki na maji yanayosimama juu. Udongo wa magadi ukorogwe kwa upole, maana ukizidisha unaugeuza gundi. Liache usiku kucha na ulitazame tena asubuhi kabla ya kulichuja kwa pampu ya kunyonya. Uchujaji ambao kwa udongo mwingine huchukua nusu saa unaweza kula asubuhi nzima, na maji yanayotoka ni ya rangi ya chai, kwa sababu magadi huyeyusha mboji. Weusi wa lile gamba ulitokana na hilo.

Sehemu iliyokufa, sentimita 0–15: pH 9.4, EC ya rojo 2.6 dS/m, sodiamu iliyoyeyuka 24 meq/L, kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja 0.9, SAR 35.8. Vipimo vya maabara ya chumvi ya Riverside, California, vya mwaka 1954 bado ndivyo vinavyotumika: EC chini ya 4, sodiamu iliyonata zaidi ya asilimia 15, pH zaidi ya 8.5, huo ni udongo wa magadi.

Asilimia ya sodiamu iliyonata ndipo maabara nyingi huteleza, na ndipo Alhamisi yote inapokwenda. Uwezo wa udongo huu kushika madini ni 22 cmol/kg (sentimoli za chaji kwa kilo). Sodiamu iliyotolewa kwa asetati ya amonia ilikuwa 8.9, lakini ndani yake imo ile iliyokuwa imeyeyuka tu kwenye maji ya udongo. Rojo lilishika maji asilimia 60, kwa hiyo 24 × 0.6 ÷ 10 = 1.4 inaondolewa, inabaki 7.5. Gawanya kwa 22: asilimia 34. Hesabu ya kukisia kutoka SAR 35.8 inatoa asilimia 34 pia, kwa hiyo namba inasimama.

Kosa la pili ni baya zaidi. Udongo huu unatoa mapovu ukidondoshewa asidi, yaani una chokaa. Mtu akikadiria uwezo wa udongo kwa kujumlisha kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu zilizotoka, ile chokaa iliyoyeyushwa na asetati inaingia kwenye jumla. Jumla inakuwa 45 badala ya 22, sodiamu inaonekana asilimia 16 au 17, na shamba linapewa ripoti ya "tatizo dogo". Uwezo wa udongo wenye chokaa upimwe kwa asetati ya sodiamu ya pH 8.2, bila njia ya mkato.

Ijumaa ni ya hesabu za tiba. Tiba yenyewe ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu: kalsiamu yake inaing'oa sodiamu iliyonata na kukalia nafasi yake. Kwa sentimita 30 za juu wastani wa sodiamu iliyonata ni asilimia 30. Lengo ni 10. Tofauti ya asilimia 20 ya 22 ni 4.4 cmol/kg. Hekta moja ya kina hicho, kwa uzito wa tani 1.4 kwa mita ya ujazo, ina tani 4,200 za udongo, na kila cmol moja inataka tani 3.6 za jasi safi. Hizo ni karibu tani 16. Ongeza robo kwa sababu si jasi yote inayofanya kazi, kisha gawanya kwa 0.8 kama jasi ni safi kwa asilimia 80: tani 25 kwa hekta, au tani 5 kwa nusu ekari.

Tani 5 zinanunulika. Kinachokwamisha ni maji. Jasi huyeyuka gramu 2.4 hivi kwa lita, kwa hiyo tani 4 safi zilizo ndani ya zile 5 zinataka mita za ujazo karibu 1,700, sawa na milimita zaidi ya 800 za mvua zinazoingia ardhini zote. Mwaka mmoja wa Kajiado ya chini haufiki hapo. Na kisima kikiendelea kutumika, kila mita ya ujazo inadai gramu 800 nyingine za jasi hiyo ili kushusha masalio ya kaboneti kutoka 10 hadi 2.5, karibu kilo 800 kwa msimu.

Kwa hiyo pendekezo ni kuachana na nusu ekari na kuokoa robo yake: mita za mraba 500 hivi zitengwe. Wamwage mifuko 25 ya jasi ya kilo 50 kwa awamu tatu, kila awamu wiki mbili kabla ya mvua. Tabaka gumu livunjwe kwa sululu hadi sentimita 40, jasi ichanganywe kwenye sentimita 10 za juu tu, na matuta ya sentimita 30 yazunguke ili mvua isitoroke. Tani moja ya samadi iliyooza iongezwe. Hewa ya kaboni inayotoka kwenye mizizi na samadi husaidia kuyeyusha ile chokaa iliyomo tayari. Tabaka lisipovunjwa, sodiamu iliyotolewa haina pa kwenda na itarudi juu na ukame.

Jasi isipitishwe kwenye mipira ya matone. Ikikutana na bikaboneti inaganda na kuziba matundu yote kwa siku chache. Iwe jasi ya shamba, isiwe ile ya kupakia dari, ambayo ina vitu vingine. Muhimu kuliko yote, isiwe chokaa. Duka la pembejeo linaweza kutoa chokaa kwa nia njema, kwa sababu ndiyo inayotibu mashamba yenye asidi ya nyanda za juu, na kweli ina kalsiamu. Kwenye pH ya 9.4 chokaa haiyeyuki. Ingekaa tu kama changarawe.

Mboga za sehemu hiyo zitumie maji ya mvua yaliyovunwa, yakichanganywa sehemu tatu kwa moja ya kisima. Nusu kwa nusu masalio bado ni 5. Paa la mabati la mita za mraba 100 likipata milimita 400 linatoa lita 32,000, kwa hiyo ni kitalu na mistari michache, wala si shamba la kuuza. Sehemu iliyobaki ipandwe nyasi kwa mvua peke yake. Asidi ya salfuriki ingetibu maji kwa gramu 370 hivi kwa kila mita ya ujazo, lakini haikupendekezwa kwa kikundi kisicho na glavu, miwani na mtu aliyefunzwa. Tone moja machoni ni upofu.

Baada ya mvua ya kwanza, kibonge kwenye glasi ya maji ya mvua, kila wiki, kutoka sehemu tatu zile zile. Baada ya miezi sita, mifuko ya sentimita 0–15 na 15–30 irudi Nairobi. EC ya rojo ikiwa imeshuka huku SAR ikibaki juu ya 20, kumwaga maji kusimame siku hiyo na awamu inayofuata ya jasi itangulie.